Redio ilikutwa imewashwa: kutoweka kwa askari wa hifadhi Randy Morgenson milimani, Julai 1996

FundiRedio_Kasese (mleta uzi)

Salaam ndugu zangu. Kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kutengeneza redio za mkononi hapa Kasese, Uganda, zile ambazo waongozaji wa watalii na askari wa wanyamapori hupanda nazo Rwenzori na kushuka nazo zikiwa zimelowa. Redio inapowekwa mezani kwangu sianzi na antena wala betri. Naanza na swichi, kwa sababu swichi hunieleza kile mwenye redio alichokuwa akikitaka kabla mambo hayajaharibika. Ndiyo maana kisa ninachokileta leo kimekataa kunitoka kichwani tangu nilipokisoma. Ni kisa cha askari wa hifadhi wa Marekani aliyetoweka mlimani mwaka 1996. Mabaki yake yalionekana mwaka 2001, na redio yake ikakutwa huko huko, swichi ikiwa upande wa kuwashwa.

Jina lake lilikuwa Randy Morgenson. Alizaliwa mwaka 1942 na kukulia katika bonde la Yosemite, California, kwa baba aliyependa kupiga picha maua ya mwitu. Ujanani alikwenda India kama mfanyakazi wa kujitolea, kisha akarudi katika milima ya Sierra Nevada na kuifanya kazi moja tu kwa misimu 28, yaani kulinda nyika ya juu katika hifadhi za Sequoia na Kings Canyon, ambazo zinapakana na kusimamiwa kwa pamoja. Eneo la hifadhi hizo mbili kwa pamoja ni takriban kilomita za mraba 3,500. Hifadhi yetu ya Milima ya Rwenzori ina kama 996, kwa hiyo ile ya kwao inazidi hii yetu zaidi ya mara tatu. Kwa urefu tunawashinda, maana kilele chao kikubwa, Whitney, kina mita 4,421 na Margherita yetu ina 5,109. Lakini mtu hapotei katika urefu, hupotea katika upana.

Kila kiangazi alipelekwa kwenye kituo chake, ambacho mara nyingine kilikuwa hema, akakaa huko peke yake mpaka baridi inakaribia. Kazi ilikuwa kutembea: kuokota takataka za wageni, kubomoa meko ya mawe waliyowashia moto mahali pasiporuhusiwa, kuwaelekeza waliopotea, kuwafunga bandeji walioteguka, na mara nyingine kusaidia kuteremsha maiti. Mtu akipotea katika eneo lile, Morgenson alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa kumtafuta, kwa kuwa aliijua milima hiyo kuliko karibu kila aliyekuwa hai.

Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 54, alipangiwa kituo cha Bench Lake. Tarehe 21 Julai aliondoka kambini kwenda doria na kuacha maandishi kwamba askari amekwenda doria ya siku tatu au nne, kwamba redio anayo mwenyewe wala haimo hemani, na kwamba wapitao wasiiguse kambi yake kwa sababu vilivyomo ndivyo vitu vyake vya msimu mzima. Baada ya hapo hakusikika tena. Siku kadhaa zilipopita bila sauti yake kwenye redio msako ukaanza, na ulikuwa mkubwa: karibu watu mia moja, helikopta, mbwa wa kunusa, na askari wenzake waliokuwa wakimtafuta mtu aliyewafundisha kutafuta. Hawakupata kitu. Si mkoba, si kofia, si hata unyayo wa kuaminika.

Ukimya huo ndio uliozaa maneno. Ilijulikana kwamba ndoa yake ilikuwa na matatizo na kwamba msimu ule hakuwa na furaha, basi wapo waliosema amejiua, wengine wakasema ameamua kuiacha dunia ya watu na kwenda kuanza maisha mengine. Maneno hayo yaliishi miaka mitano. Kisha Julai 2001 mtu wa kikosi cha kutengeneza njia akaona vitu vyake katika bonde la maji la Window Peak, kando ya mkondo: mkoba ambao mshipi wake wa kiunoni ulikuwa bado umefungwa, mabaki machache ya mwili, na redio. Maelezo ambayo wenzake wengi waliyakubali ni kwamba alikuwa akivuka theluji au barafu iliyoziba maji, ikapasuka chini ya miguu yake, naye akaingia na mzigo mgongoni. Mtu aliyekusudia kufa hafungi mshipi wa mkoba kiunoni kwanza.

Hoja yangu ni moja, nanyi mnipinge mkiona inafaa. Katika kisa hiki watu walitumia miaka mitano kuuchunguza moyo wa marehemu, ilhali kitu cha kuchunguzwa kilikuwa ukimya wa redio: unahesabiwa kuanzia lini, nani anauhesabu, na ukifika kiasi gani watu waanze kufunga viatu.

MwongozaMlima_Kilembe

Nakushukuru, fundi, na redio yangu moja bado iko kwako. Nitaongeza jambo kuhusu hilo daraja la theluji, maana nina shaka kwamba wengi wetu hapa Uganda hatulioni vizuri kichwani.

Katika milima ya wenzetu theluji ya majira ya baridi huanguka nyingi na kufunika kila kitu, pamoja na vijito na midomo ya maziwa mahali maji yanapotokea. Kiangazi kikifika, maji ya chini huanza kutiririka kwa nguvu na kuila theluji kutoka tumboni. Juu inabaki nyeupe, tambarare na ngumu, hata unaona nyayo za waliopita asubuhi. Chini kuna uwazi wa urefu wa mtu na maji ya baridi ya kuua. Mchana jua likishalainisha juu, uzito wa mtu na mzigo wake unatosha. Anayeingia hupelekwa na maji chini ya theluji, na shimo aliloingilia huweza kubomoka zaidi au kuzibika, kiasi kwamba anayepita kesho haoni kwamba hapa palikuwa na mtu. Mbwa naye hunusa harufu inayopanda hewani, na harufu iliyo chini ya maji na barafu itampandia wapi?

Sisi Rwenzori tuna ndugu yake. Kwenye uwanda wa barafu wa Mlima Stanley kuna nyufa ambazo theluji mpya huzifunika usiku mmoja, ndiyo maana baada ya kibanda cha Elena tunafungana kamba. Na chini zaidi, kwenye matope ya Bigo, mgeni huona majani ya kijani yaliyosimama imara, anaweka mguu, na gambuti linabaki humo akitoka na soksi. Mimi hutembea na fimbo na kuchoma mbele yangu kabla ya kila hatua nisiyoiamini. Fimbo ikiingia bila kugonga kitu, nageuka.

Ila sikubaliani nawe kwamba mtu hapotei katika urefu. Mara moja, tukishuka kutoka Freshfield, kwenye mita kama 4,280 hivi, ukungu ulitufunika hata nikawa siuoni mzigo wa mpagazi aliyekuwa mbele yangu kwa hatua nne. Tulipofika chini tukahesabiana, mmoja hayupo. Kijana huyo alikuwa amesimama kufunga kamba ya mzigo, alipoinua kichwa hakuona mtu. Alifanya la busara: alirudi chini ya mwamba mkubwa tulioupita, akakaa, akaimba nyimbo za kanisani usiku kucha ili tumsikie. Tulimsikia alfajiri. Katika Rwenzori miamba ya namna hiyo imewaokoa watu tangu zamani, na hata msafara wa yule mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, mwaka 1906 ulijihifadhi chini ya mwamba wa Bujongolo. Kijana wetu alikuwa kilomita moja tu kutoka kambini. Fikirini sasa yule wa California, ambaye hakuwa na wa kumhesabu jioni.

Mwalimu_FortPortal

Mleta uzi, nimesoma kwa makini na kuna mahali nadhani unakimbia haraka. Unasema tusiuchunguze moyo wa marehemu. Lakini mtu akiishi peke yake miezi mitatu kila mwaka kwa misimu 28, moyo wake ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ilivyo redio. Mtu mwenye huzuni huchoka mapema, huchagua njia fupi, hupuuza dalili ambayo siku nyingine angeiona kutoka mbali. Sisemi alijiua. Nasema inawezekana barafu ilimmeza kwa sababu siku ile macho yake yalikuwa kwenye barafu na fikra zake zilikuwa nyumbani.

Halafu, naomba unifafanulie kiufundi: redio kukutwa imewashwa kunathibitisha nini hasa? Wengine wanaweza kusema alikuwa akiita msaada.

FundiRedio_Kasese

Mwalimu, la kwanza nakupa. Nimelisoma mara mbili na sina jibu, isipokuwa kwamba hilo ni tofauti na yale yaliyosemwa juu yake. Huzuni inayopunguza uangalifu ni ajali ya kazini kama ajali nyingine yoyote. Waliosema amejiua au amewatoroka wenzake walikuwa wakimwondoa katika orodha ya waliofia kazini.

La pili ndilo fani yangu, hivyo mniruhusu nirefushe.

Swichi iliyowashwa haithibitishi kwamba aliita. Askari wengi huzima redio wanapotembea ili kuokoa betri, wakaiwasha saa za mawasiliano tu, hasa betri za miaka ile za nikeli na kadimi, ambazo baridi huzipunguzia nguvu sana. Kwa hiyo kuna njia tatu. Huenda alikuwa na desturi ya kutembea ikiwa imewashwa. Huenda ilikuwa saa ya mawasiliano au imekaribia. Au huenda aliiwasha baada ya kupatwa na jambo. Hakuna fundi atakayekuambia kwa uhakika ni ipi, na anayekuambia anakuuzia kitu.

Ninachoweza kukuambia ni kwamba hata kama aliita, kulikuwa na sababu nyingi za kutosikika. Redio ya mkononi ina nguvu ya wati chache, na mawimbi yake hupenda kwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ukisimama ukingoni unaweza kuzungumza na mtu aliye mbali sana, ukiteremka kwenye korongo la kijito jiwe linakukata. Ndiyo maana huwekwa vituo vya kurudishia mawimbi vileleni, lakini navyo havioni chini ya kila mwamba. Ndani ya maji ndiyo kabisa, hakuna kitakachotoka.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao nauona hapa mezani karibu kila mwezi. Redio huletwa na mwenyewe akiapa kwamba ni nzima: inasikia vizuri, taa inawaka, sauti za wenzake zinaingia. Namwambia abonyeze kitufe cha kuzungumzia. Akibonyeza, taa inafifia na redio inazimika. Kusikiliza hutumia umeme kidogo sana, kusema hutumia mwingi, na betri iliyochoka huweza kubeba hiki isiweze kile. Nikifungua naona kutu ya kijani kwenye vijiti vya betri, na mara nyingine mpira wa manati umefungwa kuzunguka kifuniko kwa sababu kishikizo kilivunjika zamani. Mtu anatembea siku nne na kitu hicho akiamini anayo redio, kumbe ana sikio tu, hana mdomo.

Morgenson mwenyewe na wenzake walijua kwamba redio katika milima ile hazikuwa za kutegemewa, na hapo ndipo penye mtego. Redio zikiwa mbovu mara kwa mara, ukimya huwa jambo la kawaida, na ukimya ukishakuwa wa kawaida hakuna anayeshtuka siku ya kwanza wala ya pili. Wanasema labda betri, labda yuko bondeni, labda kesho.

AfandeMstaafu_Mbale

Vijana, mimi nimetumikia Mlima Elgon hadi nilipostaafu, na nilianza karibu na mwaka huo huo wa 1996 ambao ndio Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliundwa. Niseme wazi kwamba kwetu askari kwenda doria peke yake siku nne halikuwa jambo la kufikirika. Tulikwenda kwa kikundi, tukiwa na silaha, kwa sababu huku anayekutana nawe msituni anaweza kuwa mtega waya, mwizi wa mbao, au watu wenye bunduki wanaovuka mpaka usiku. Wa California aliogopa radi na maji. Sisi tuliogopa binadamu kwanza, radi baadaye.

Lakini kikundi hakiondoi kupotea. Kwenye mianzi ya Elgon mtu akitoka njiani kujisaidia, hatua kumi zinatosha. Mianzi yote inafanana na sauti haiendi mbali. Tulikuwa na kanuni ambayo kiongozi wangu wa kwanza alitufundisha kwa ukali: asiyeonekana kwa robo saa, kikundi kizima kinasimama, hakuna anayekwenda mbele, na filimbi inapigwa mara tatu, kimya, mara tatu tena. Vijana waliona ni utoto. Mwaka fulani mmoja wao aliteleza kwenye genge dogo akavunjika kifundo cha mguu, redio ikaangukia mtoni. Filimbi ilikuwa shingoni. Tulimfikia kabla ya giza.

Fundi, umeuliza ukimya unahesabiwa kuanzia lini. Kwetu ulihesabiwa kwa robo saa. Kwa yule bwana ulihesabiwa kwa siku. Simlaumu mtu, nchi ile ni pana na walikuwa wachache.

Mwanafunzi_Makerere

Shikamoo Afande. Naomba kuuliza: kwa nini basi wasiwapeleke wawili wawili? Marekani si nchi inayokosa fedha.

AfandeMstaafu_Mbale

Marahaba. Fedha za nchi na fedha za hifadhi ni mifuko miwili, mwanangu. Hata hapa.

Dada_wa_Kisoro

Nimefuatilia uzi huu kimya kimya, lakini neno "msimu" limenigusa. Kama nilivyoelewa, Morgenson alikuwa mwajiriwa wa msimu kwa miaka yote ile, si wa kudumu. Kiangazi kikiisha kazi imekwisha, na mwaka unaofuata anaajiriwa upya. Misimu 28 ya namna hiyo! Ninawajua hapa kwetu watu wa aina yake: wapagazi, vibarua wa kufyeka njia, vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Mgahinga wanaosaidia kuwarudisha nyati porini. Mtu wa namna hiyo akipotea, swali la kwanza ofisini huwa kama alikuwa kazini siku hiyo, kisha ndipo wanauliza yuko wapi.

Sisi tunaoishi chini ya mlima Muhavura tunazisikia habari za upande wa pili wa mpaka, katika hifadhi ya Virunga ya Kongo, ambako askari zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka mingi, na tarehe 24 Aprili 2020 peke yake waliuawa askari 12 pamoja na raia watano. Wake zao angalau walioneshwa jeneza. Mke wa aliyetoweka haoneshwi kitu. Hajui avae kaniki au apike chakula cha mgeni. Majirani wanamwambia ngoja, ndugu za mume wanamwuliza mali iko wapi, na watoto kila jioni wanatazama njia. Kwa hiyo, Mwalimu, uvumi kuhusu moyo wa marehemu haubaki kwa marehemu, unamwangukia aliye nyumbani. Miaka mitano mtu anasikia kwamba mumewe alimkimbia, kumbe yuko chini ya theluji na mkoba mgongoni.

Mwalimu_FortPortal

Dada, hapo nimenyamaza. Nilikuwa nazungumza kama msomaji wa kisa.

Niongeze kisa kingine ambacho kinaunga mkono maneno yako. Tarehe 13 Januari 1980 askari mwingine wa hifadhi, Paul Fugate, alitoka ofisini katika milima ya Chiricahua, Arizona, mchana, akiwa na sare, akisema anakwenda kuangalia njia. Hakurudi, wala hajapatikana. Kwa kipindi fulani alihesabiwa kama mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Mkewe alilazimika kupigania jina la mumewe miaka kadhaa kabla halijarekebishwa. Tofauti yake na Morgenson ni kwamba yeye mlima haujamrudisha, kama ni mlima uliomchukua. Hilo nalo halijulikani.

MwongozaMlima_Kilembe

Kuna jambo limenijia niliposoma hizo tarehe. Tangu 1996 mpaka 2001 Morgenson alikuwa amelala Window Peak. Karibu miaka hiyo hiyo, 1997 hadi 2001, Rwenzori yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya waasi wa ADF. Tulipopanda tena njia zilikuwa zimefungwa na vichaka, ngazi za miti zimeoza, na baadhi ya vibanda vimeharibika. Tulikuta vitu: sufuria, kiatu kimoja, nguo iliyooza kwenye matope. Hatukuwa na namna ya kujua ni vya nani. Tulivipita. Kwa miaka mingi sikuliwazia hilo, lakini baada ya kusoma kwamba yule wa kikosi cha njia aliona kitu kando ya mkondo akasimama akaangalia vizuri, najiuliza.

Mwanafunzi_Makerere

Fundi, siku hizi si kuna vifaa vya satelaiti vinavyotuma mahali ulipo kwa kubonyeza kitufe? Je, kisa hiki kingetokea leo?

FundiRedio_Kasese

Vipo, na ni vizuri sana. Havihitaji kituo cha kilele cha jirani, vinahitaji kuona mbingu. Hapo ndipo pa kuangalia: ndani ya korongo jembamba mbingu ni ukanda mdogo, chini ya mianzi mizito ishara hudhoofika, na chini ya theluji na maji huwezi kutegemea kitu. Ubora wake mkubwa kwa kisa kama hiki ni vile vinavyoacha alama kila baada ya dakika kadhaa bila kubonyezwa. Hata kama mtu hakuweza kuita, alama ya mwisho inabaki, na watu wanajua waanzie wapi. Waliomtafuta Morgenson waligawa milima mikubwa vipande vipande na kukisia ni kipande kipi angekipenda. Kwa mtu aliyependa mahali pasipo na njia, vipande vyote vilikuwa vyake.

Lakini hata kifaa hicho kinataka mtu upande wa pili. Alama ikisimama mahali pamoja kwa muda wa saa sita, nani anaangalia? Tumerudi kwenye hesabu ya Afande.

AfandeMstaafu_Mbale

Ndiyo maana nilisema filimbi. Haiombi betri.

MwongozaMlima_Kilembe

Fundi, redio yangu imekwisha? Napanda Jumatatu na wageni wanne.

FundiRedio_Kasese

Imekwisha tangu jana. Nimebadilisha vijiti vya betri vilivyokuwa vimeliwa na kutu, na kishikizo cha kifuniko nimekipata kutoka kwenye redio iliyokufa, kwa hiyo ule mpira wako wa manati utaukuta kwenye mfuko wa nailoni. Nimeijaribu kwa kubonyeza na kuongea dakika mbili mfululizo, haikuzimika. Mgongoni nimebandika karatasi na kuifunika kwa gundi ya plastiki isilowe, nimeandika saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ukipanda utaniachia namba ya yule atakayekuwa anasikiliza huku chini, nami saa moja na robo nitampigia kumwuliza kama amekusikia.

MwongozaMlima_Kilembe

Nitakuachia namba mbili. Wa kwanza husahau.